Ukuta Mbichi

Mama alifariki binti yake akiwa bado anang'oa meno ya utoto, na picha zake zote ziliharibiwa na maji ya paa bovu. Sasa binti huyo ni mchoraji mwenye jina lake mjini. Amechora sura za watu asiowajua kabisa, lakini ya mama yake ilikuwa inamponyoka. Kila akianza kwenye karatasi anafuta, anaanza tena, anafuta tena. Alichoogopa ni kwamba siku moja hata hicho kidogo anachokumbuka kitamwishia, na hapo mama atakuwa amekufa mara ya pili.

Ndipo akaamua kuchora mahali pasipofutika. Alimwomba mjomba wake, pacha wa mama, ampigie lipu ya chokaa ukuta wa sebuleni, kisha akae pale amsaidie kukumbuka. Mjomba, aliyepiga lipu maisha yake yote, hakuwahi kuona mtu anayetaka kuchora kabla ukuta haujakauka. Alimuuliza mpwa wake kama kichwani kuko salama.

Mwiko ukiteleza ukutani, mchoraji akamweleza. Kazi hiyo inaitwa fresko. Neno ni la Kitaliano, maana yake mbichi, na Waingereza walilichukua vivyo hivyo. Lipu mbichi inainywa rangi, vinakauka pamoja, vinakuwa kitu kimoja. Ukikosea, dawa ni kubandua ukuta. Tena wanaochimba asili za maneno wanasema Wataliano nao walilipata zamani kwa makabila ya kaskazini, ndugu wa hao hao Waingereza, na Waingereza nyumbani walikuwa nalo tayari kwa sura nyingine, fresh. Hiyo sura nyingine ndiyo iliyozaa hata hili freshi la vijana wetu wa mtaani.

Mjomba alicheka mpaka akasimamisha kazi. Yaani watu wameazima cha kwao wenyewe, na asante juu?

"Lilizunguka muda mrefu, Mjomba," mpwa alisema. "Liliporudi, ndugu yake hakulitambua."

Lipu ilipoanza kushika, Mjomba alijitupa kitini mbele yake na kuanza kusimulia. Paji pana. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, na akicheka linafumba kabisa. Kidevu cha mtu asiyependa kuambiwa. Sebule ilijaa harufu ya chokaa, mwanga wa dirishani ukalegea, na mchoraji akahisi anachora usingizini. Alikusudia kuuazima uso wa Mjomba kidogo tu, achukue mifupa na kuacha uzee. Lakini ukuta ulikunywa rangi haraka, haukumpa nafasi ya kuchagua, na mkono ukawa unaokota kila ambacho macho yaliona. Kwa mara ya kwanza hakuogopa. Alikuwa na furaha ya mtoto anayesikia mlango unafunguliwa na anajua ni nani anayeingia.

Alipoweka brashi chini, lipu ilikuwa haipokei tena rangi. Mjomba alisogea, akatazama.

"Si yeye," alisema.

Hapo mchoraji naye akazinduka. Mashavu yamelegea, mikunjo imejaa machoni, nywele zina mvi. Mama hakuwahi kuwa na hata unywele mmoja mweupe. Ukutani palikuwa na mwanamke mzee ambaye hakuwahi kuishi duniani. Kazi yote imekwenda na maji, na sura aliyoitaka sasa imefunikwa hata kichwani mwake. Aliokota mwiko ili abandue.

Mjomba alimshika mkono.

"Tulizaliwa siku moja, mwanangu, halafu nikazeeka peke yangu," alisema. "Mwache. Mwache azeeke na mimi."

Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na ukuta.