Nyumba ya Nyasubi Iliwatosha Wote

Mageni, ambaye wengi walimwita Mama Luka, alikuwa mfanyabiashara wa mchele mjini Kahama, na hakuna mtu aliyewahi kumuuzia gunia bovu. Alichota punje chache kiganjani, akazing'ata, akajua kama mpunga ulikauka vizuri au ulikobolewa mbichi. Wakulima waliyaogopa meno yake. Lakini asubuhi ile alivaa viatu vya kanisani akaenda kutafuta wakili wa kumsimamia ununuzi wa nyumba, na wakili hang'atwi. Kwa hiyo alimchagua kwa kutazama kiti.

Nyumba yenyewe ilikuwa Nyasubi, ya tofali za kuchoma, bati jekundu, vyumba vinne na sebule. Aliitaka kwa ajili ya mama yake, ambaye tangu ajane alikuwa akihamishwa kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule kama kinu cha kuazima. Mageni alitaka mama yake azeeke na kufa mahali ambapo hakuna mwenye nyumba wa kumkunjia uso.

Alikuwa ametajiwa mawakili wawili. Wa kwanza, Wakili Dorika, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na hewa yote ilinuka dawa ya pamba. Alimkalisha Mageni kwenye kiti cha plastiki, akaanza kuuliza. Anayeuza ni nani? Mke wake ameridhia? Majirani wanasemaje? Nyumba imewahi kuuzwa kabla? Akasema hatagonga muhuri wowote mpaka ofisi ya ardhi ijibu, na ofisi ya ardhi haina haraka.

"Mama Luka, nyumba si nyanya," alisema. "Haiozi ukisubiri."

Mageni alitoka na mashaka ambayo hakuingia nayo, akamlaumu Dorika kwa kumpa.

Aliyempeleka kwa wakili wa pili ni shemeji yake, Magesa, mdogo wa mumewe, Kamili. Magesa hakuwahi kununua hata banda la kuku, na labda ndiyo sababu ukoo mzima ulimtegemea kwa ushauri wa majumba.

"Shemeji, wakili anayeuliza sana ni kwamba hajui," alisema. "Anayejua, aulize nini?"

Wakili Theonest alikuwa ghorofani. Mlango wa kioo, kiyoyozi kilichopuliza mpaka kwenye ngazi, na kiti cha ngozi kilichommeza mteja hadi mabegani. Ukutani zilining'inia picha zake akipeana mikono na watu ambao nao walikuwa wakimtafuta mpiga picha kwa macho. Hakuuliza swali hata moja.

"Anayeuza ni mteja wangu," alisema, "na wewe ni mteja wangu. Sasa ugomvi utatoka wapi?"

Mageni aliiona hiyo kuwa hekima. Kamili alikuja kutoka Geita, ambako alikuwa na karasha ya kusaga mawe ya dhahabu, akasaini na vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi, akarudi zake kazini. Muhuri ukagongwa. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutia moyo.

Siku ya kuhamia, Fuso la mizigo lilipofika mlangoni, Mageni alimkuta mwanamke sebuleni akichambua dagaa kwenye ungo.

"Hodi."

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Natafuta nyumba yangu."

"Hii ni yangu," alisema yule mwanamke bila ukali. Jina lake lilikuwa Lukresia, mtu wa Ushirombo. "Tuliinunua mwaka jana. Alitusimamia Wakili Theonest."

"Na mimi alinisimamia yeye."

Walileta hati zao, wakaziweka pamoja. Muhuri ulikuwa ule ule, na umeinama upande ule ule. Mageni alianza kupandisha sauti, lakini wapakuzi walikuwa na safari nyingine, hivyo waliingiza kochi bila kungoja mwisho wa mazungumzo. Kochi la Mageni likaingia ndani ya kochi la Lukresia, likatulia humo. Hakuna lililovunjika. Kabati likaingia kwenye kabati. Mpakuzi mmoja, godoro kichwani, alipita katikati ya mwili wa Lukresia.

"Samahani, mama," alisema.

"Bila samahani," alisema Lukresia, akaendelea na dagaa wake.

Katika siku zilizofuata walizoea utaratibu. Kila mmoja aliketi kwenye kochi lake na kula kwenye meza yake. Watu wa familia moja walipitana na wa nyingine kama mtu anayepita kwenye mvuke wa sufuria, ila meno yalipata ubaridi kidogo. Sauti na harufu hazikuwa na hati, hivyo zilikwenda popote. Mageni akipika wali, watoto wa Lukresia walilia kutaka wali. Lukresia akikaanga dagaa, mapazia ya Mageni yalinuka dagaa hadi Jumapili. Kamili alipokuja kusalimia, alimkuta mume wa Lukresia amelala pale pale alipotakiwa kulala yeye.

"Shikamoo, kaka," alisema Kamili, kwa kuwa yule alikuwa mkubwa kwake.

"Marahaba. Karibu."

Kamili akalala. "Kwenye duara la machimbo tunaingia watu kumi, shimo la watu wawili," alimwambia mkewe. "Hapa angalau hatugusani." Akakoroma. Mageni alikaa macho akisikiliza mikoromo miwili ikitoka kwenye mto mmoja.

Mwenyekiti wa mtaa aliletwa aone. Aliona, akanywa soda kwa familia hii na soda kwa familia ile, akasema nyumba za namna hiyo zimejaa upande wa Geita tangu bei ya dhahabu ipande. Alichosisitiza ni usafi wa choo.

Kabla ya mvua kuanza alifika Benedict, mwalimu mstaafu, na mkewe na binti yao Mariana. Alikuwa na hati. Alisalimia kila mtu kwa heshima, kisha akauliza maji yanatoka siku zipi. Sasa makochi yalikuwa matatu mahali pamoja, na sifa za Wakili Theonest zikaenea mpaka Mhunze. Watu walisema ni wakili wa ajabu, wateja wake hawajawahi kulala nje. Foleni ikateremka ngazi ikafika barabarani.

Mama yake Mageni aliletwa kutoka kijijini, kwa mtoto wake mwingine. Macho yake yalikuwa yameshafifia, hivyo hakuona kilichokuwa ndani ya kingine. Alisikia tu sauti nyingi, akafurahi.

"Mwanangu, una watu," alisema. "Kule nilikuwa nasikia kuku tu."

"Ndiyo, mayu," alijibu Mageni.

Bibi alipougua, Lukresia aliketi kando ya kitanda chake kila alasiri. Hakuweza kumshika mkono, kwa kuwa mkono wake ungepita. Kwa hiyo alimsalia rozari kwa sauti, na bibi aliitikia kwa Kisukuma, na Mageni aliyekuwa akipepeta mchele uani aliwasikia, akawa anapunguza kishindo cha ungo.

Bibi alifariki siku ya Ijumaa. Jumamosi ilikuwa sendofu ya Mariana, sherehe ya kumuaga kabla ya kuolewa.

Benedict alikuja kutoa pole, kofia mkononi. "Mama Luka, ningeahirisha," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba ni kweli. "Lakini kadi zimeshatoka, na wakwe wapo njiani kutoka Geita. Na nyumba ndiyo hii hii."

Mageni angeweza kumpeleka mama yake akaagwe kwa jirani. Hakutaka. Alikuwa amenunua nyumba ili jambo hilo moja lisitokee.

Basi mwili ulilazwa katikati ya sebule, na meza ya keki ikawekwa mahali hapo hapo. Waombolezaji walikaa kwenye mikeka, na wageni wa sendofu wakakaa kwenye viti vilivyofungwa utepe, magoti yao yakiwa ndani ya vichwa vya waombolezaji. Katekista na mshereheshaji walisimama kwenye nyayo zile zile. Katekista alisema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," mshereheshaji akasema, "Makofi kwake!" na makofi yakapigwa. Baadhi ya waombolezaji nao walipiga, kwa mazoea.

Kisha Mariana akaitwa kukata keki. Kisu kilishuka kwenye kifua cha marehemu, kikapanda, kikashuka tena. Hakikumgusa. Mariana alikuwa binti aliyelelewa vizuri. "Samahani, bibi," alinong'ona, machozi yakimtoka, na wageni wakadhani analia kwa kuiaga nyumba ya baba yake. Mageni hakulia. Alikitazama kile kisu na sukari nyeupe iliyokishika, na kitu ndani yake kikakauka kama mpunga uliosahauliwa juani.

Baada ya maziko alikwenda kwa Wakili Theonest. Foleni ilimpisha kwa kuwa alivaa nguo za msiba.

"Pole sana, mama," alisema Theonest. "Sasa, tatizo hasa ni nini? Kuna aliyekosa pa kuingia?"

"Mama yangu amekatiwa keki kifuani."

"Alikatwa?"

"Hapana."

"Basi." Theonest alifungua mikono yake kwa huruma. "Sheria inatazama madhara, mama yangu. Heshima ni mambo ya kanisani."

Mageni alishuka ngazi, akavuka mji mpaka kwenye chumba kilichonuka dawa ya pamba. Wakili Dorika aliisoma hati, akauliza maswali yake, na safari hii Mageni aliyajibu yote. Dorika alimsikiliza habari za makochi na keki kama anayesikiliza habari za mpaka wa shamba.

"Ni rahisi," alisema. "Ngumu, lakini rahisi. Mwenye nyumba ni aliyenunua kwanza. Nani alinunua kwanza?"

"Lukresia."

"Mwambie aje. Nitamsimamia. Nyinyi wengine mtatoka, na makochi yenu."

"Na mimi?"

"Wewe utamshtaki aliyekuuzia, pamoja na wakili wako. Itachukua miaka. Lakini ni haki yako, na nitakusaidia."

Mageni alimshukuru. Njiani alitembea polepole, akihesabu magunia yote yaliyoingia kwenye nyumba ile. Alipofika, Lukresia alikuwa anaosha vyombo uani, akaondoa mikono kwenye maji.

"Mama Luka, nasikia ulipita kwa yule wakili wa kike. Amesemaje?"

Mageni alitazama povu mikononi mwake. Ilikuwa ni mikono iliyomsalia mama yake kwa shanga za rozari siku zote zile.

"Amesema tuvumilie," alijibu.

"Haya," alisema Lukresia. "Wote wanasema hivyo."

Mwezi haukuisha kabla Mageni hajapanda tena ngazi za Wakili Theonest, akamwomba amuuzie nyumba. Alimchagua mara ya pili akiwa anamjua, na hakuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo wakili anaweza kupewa. Theonest hakuuliza kwa nini anauza. Wanunuzi walikuwepo pale pale kwenye foleni: Loveness, kijana mwenye saluni karibu na stendi, na mumewe. Loveness alikuwa mjamzito, na alikuwa mtu wa kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo nyumba haina shida yoyote?"

Theonest aliinua macho akakitazama kiyoyozi, kana kwamba kimeanza kuvuja.

"Ni kubwa," alisema Mageni. "Mpaka leo hakuna aliyekosa nafasi."

"Na wakili huyu, ni mzuri?"

"Hasumbui watu kwa maswali."

Loveness alicheka, akasaini. Muhuri ukagongwa.

Siku ya kuondoka, wapakuzi walilichomoa kochi la Mageni kutoka ndani ya yale mengine mawili, na yale yakabaki mahali pake bila hata kutikisika. Benedict alitoka kumuaga. Fuso la Loveness lilikuwa limeshafika na kusimama nyuma ya lake, na Loveness aliteremka akishika kiuno, akaingia sebuleni, akaona watu wengi wamekaa.

"Hamjambo?" alisema.

"Hatujambo, karibu," alisema Lukresia, akainuka. Hakuuliza hati. Alimtazama Mageni aliyesimama mlangoni na mkoba wake, akamtazama muda mrefu kidogo kuliko desturi ya kuagana.

"Safari njema, Mama Luka," alisema.

Mageni alipanda Fuso, akamwambia dereva washike njia ya Geita. Kwenye kioo cha pembeni aliona sebule kupitia mlango uliokuwa wazi. Lukresia alikuwa amechukua ufagio, ameinama, anamfagilia Loveness pale ambapo kochi lake lingekaa, ingawa vumbi la Lukresia lisingeweza kumfikia.