Siku Walipomwokoa Binti Yangu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, siku binti yangu alipookolewa.

Najua inasikika vibaya. Mzazi gani anasema hivyo? Lakini subirini. Mpaka Jumatatu yake nilikuwa na adui mmoja tu, mwanamke, na geti lake nalijua. Kuanzia Jumanne nina maofisi.

Siku ile nilikuwa karakana, misumari midogo mdomoni, navalisha kochi la mtu kitambaa kipya. Jirani yangu muuza simu akaita dirishani: "Fundi! Acha kochi la watu, njoo! Chiriku yuko kwenye habari!"

Chiriku ndiye binti yangu. Tulimpa jina hilo nyumbani kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kufunga mdomo, hata usingizini anahojiana na mtu. Nikatema misumari nikakimbia. Kwenye televisheni ya dukani niliona askari wanavunja geti la buluu, halafu wasichana wanatoka wamefunikwa shuka kichwani. Mmoja alikuwa anavuta mguu wa kushoto kidogo, kama marehemu mama yake. Sikuhitaji kuona uso. Mkubwa mmoja mwenye suti akasimama mbele ya vipaza sauti akasema biashara ya kuuza watu imefika mwisho. Watu dukani wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu.

Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali. Daktari aliyetakiwa kumwona alikuwa kwenye warsha. Warsha ya nini? Ya kupunguza vifo. Basi, nisiendelee, nitaharibu siku yangu.

Baada ya msiba ule Chiriku akatafuta kazi, na aliyeileta ni mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ajira. Akasema ni mapokezi ya hoteli, kusimama nyuma ya meza na kutabasamu. Alikuja kumchukua mwenyewe, amependeza, ananiita baba. Kumbe hoteli yenyewe Chiriku aliijua kwa shuka zake tu. Walimpeleka kwenye jengo la kufulia nguo za mahoteli, nyuma ya ukuta mrefu. Simu na kitambulisho wakachukua siku ileile. Mchana ni mashine na pasi, wakilala ni ghorofa ya juu ya mashine hizohizo, geti limefungwa kwa nje, eti kwa usalama wao. Mshahara hakuna. Haya tuliyajua kutoka kwa msichana aliyetoroka ndani ya gari la shuka, amejilaza chini ya marobota.

Nilikwenda polisi. Wakaniambia, "Mzee, binti yako ni mtu mzima. Amekwenda kwa miguu yake." Nikasema ndiyo, kwenda alikwenda kwa miguu yake, je, kurudi? Wakasema nirudi wiki ijayo. Nilirudi wiki ijayo nyingi sana. Halafu wakaja wageni kutoka nje kukagua nchi inavyopambana na jambo hili, na geti ambalo halikuonekana muda wote ule likaonekana asubuhi moja.

Kwa hiyo ile Jumatano nilikwenda kumchukua mwanangu. Nilifuatana na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anauza mitumba na haogopi mtu. Alibeba gauni na kandambili mpya. Tulidhani tunaenda, tunasaini, tunarudi naye kula.

Kwenye ofisi ya serikali walikoandikishwa waliookolewa tukamkuta kijana mwenye tai ambaye baadaye tulimbatiza Bwana Utaratibu, kwa sababu neno hilo hulitoa kama wengine wanavyokohoa.

"Nyinyi ni nani wake?"

"Mimi baba yake. Huyu mama yake mdogo."

"Utaratibu unatutaka tujiridhishe. Wengi wa hawa wameuzwa na ndugu zao."

"Mimi nimemuuza mwanangu?"

"Sijasema hivyo, mzee. Nimesema tujiridhishe. Mama mzazi yuko wapi?"

"Amefariki."

"Ingekuwa vizuri zaidi aje mwenyewe."

Shemeji akaliweka gauni juu ya meza yake. "Ukimpata, mwanangu, mwambie na mimi namtafuta. Ameondoka na sufuria yangu."

Bwana Utaratibu hakucheka. Aliandika kitu. Naapa aliandika.

Halafu akatueleza kwamba hata wakijiridhisha, Chiriku hawezi kutoka. Ni shahidi, na shahidi hulindwa mpaka kesi iishe.

"Na aliyemfungia yuko wapi?" nikauliza.

"Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana. Ni haki yake kisheria."

"Yaani mwizi yuko kwake, aliyeibiwa yuko ndani."

"Hayuko ndani, mzee. Yuko nyumba salama."

"Anaweza kutoka akanunue hata sabuni?"

"Hapana."

"Mlango unafungwa?"

"Kwa usalama wao."

"Maneno hayohayo ya Mama Ajira," shemeji akasema. "Au mlisoma pamoja?"

Tukaondolewa, lakini gauni walilipokea.

Tangu hapo kesi imekuwa ikitajwa. Sijui nani aligundua neno hilo. Unafunga karakana, unapanda basi, unakaa kwenye ubao mgumu tangu asubuhi, jina la kesi linatajwa, mwendesha mashtaka anasimama anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine, mnatawanyika. Chiriku haletwi, maana hakuna gari. Mama Ajira anakuja na gari lake. Mara ya mwisho nilimkuta nje ya mahakama anakunywa soda kivulini. Akanisogelea, tena kwa heshima zote.

"Shikamoo baba. Kesi hizi zinachosha, eh?"

Shemeji alinishika mkono. Asingenishika, leo ningekuwa mimi ndiye wa kutajwa.

Kumwona mwanangu niliruhusiwa mara chache, nyuma ya wavu, na matroni wa nyumba salama amekaa katikati yetu anachati na simu yake. Chiriku akawa anajibu ndiyo na hapana. Huyu mtoto ambaye mwalimu wake aliwahi kumhamishia dawati nje ya darasa kwa kelele! Nilipomuuliza anafanya nini kutwa, matroni akajibu yeye: "Yuko kwenye programu."

Programu yenyewe niliiona siku ya maadhimisho. Ilifika siku ya dunia nzima kupinga kuuza watu, wakaita ndugu tuje kwenye nyumba salama, kuna maturubai, kuna wageni, na sisi tungekaa mbele kama wazazi wa manusura. Bwana Utaratibu akanikabidhi fulana nyeupe yenye maandishi kifuani: KOMESHA KAZI YA KULAZIMISHWA. Ilikuwa bado ina joto la pasi.

Kilichonishtua ni hilo joto. Nikamwomba matroni anipeleke kwa mwanangu kabla ya shughuli kuanza. Sijui ilikuwa haraka zake au furaha, akanipitisha jikoni mpaka chumba cha nyuma. Dirisha dogo, juu, lina nondo. Meza ndefu, wasichana wamesimama pande zote mbili, mvuke, rundo la fulana limefika kiunoni. Wanapiga pasi, wanakunja, wanapanga kwenye maboksi. Chiriku alikuwa mwisho wa meza, amevaa lile gauni tulilomletea, makwapa yamelowa.

"Hii ni stadi za maisha," matroni akasema. "Kazi inaponya."

"Wanalipwa?"

"Mzee, hawa ni wanufaika."

"Asipotaka kupiga pasi?"

"Inaandikwa kwamba hatoi ushirikiano. Inaweza kuchelewesha kesi yake."

Simu yake ikalia, akatoka kidogo. Nikasogea mezani.

"Shikamoo baba," Chiriku akasema bila kuacha pasi.

"Marahaba mama. Pumzika kidogo."

"Wageni wanasubiri fulana." Akaigeuza moja, akaipitishia pasi palepale kwenye neno KOMESHA. "Pasi za kule zilikuwa nzuri. Hizi zinang'ata kitambaa."

"Mama yako mdogo yuko nje. Anasema ukitoka ana masengenyo ya miezi mizima ya kukupa."

Akatabasamu kwa nusu mdomo. Mkononi alikuwa na alama mpya ya kuungua, juu ya zile za zamani.

"Vumilia, mwanangu. Kesi ikiisha—"

"Baba, kuvumilia nilivumilia kule." Sasa akaiweka pasi chini. "Kule nilikuwa najiambia, wakubwa hawajui tu. Wakijua watakuja. Na kweli wakaja. Sasa waliokuja ndio wenye ufunguo. Hapa atakuja nani?"

Matroni akarudi, akanitoa kwa upole, kama mtu anayemtoa mbuzi bustanini.

Nje chini ya turubai yule mkubwa mwenye suti alikuwa ameshahutubia. Wakasema sasa mzazi mmoja atoe shukrani, Bwana Utaratibu akanipa kipaza sauti na kuninong'oneza nifupishe. Nikafupisha. Nikasema binti yangu yuko chumba cha nyuma, amefungiwa, anapiga pasi bila mshahara fulana mlizovaa, na ana swali kwenu. Nikalisema swali lake kama lilivyo.

Wakapiga makofi. Mkubwa naye alipiga. Bwana Utaratibu akakichukua kipaza sauti akasema tumshukuru mzee kwa ushuhuda mzito, sasa tunakwenda kwenye picha ya pamoja. Nikamwambia mimi sijatoa ushuhuda, nimeuliza. Akasema litafanyiwa kazi.

Niligoma kupiga picha. Nilivua ile fulana nikabaki na singlendi mbele za watu, shemeji anacheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku hiyo nimekwenda kwa mwanasheria wa bure, kwa diwani, kwa wale wageni wa nje hotelini kwao nikazuiwa mlangoni. Nimerudi hata polisi, kwa yuleyule aliyesema binti amekwenda kwa miguu yake, nikamwambia kuna watu wamefungiwa wanafanyishwa kazi, njooni mvunje geti. Akauliza ni wapi. Nikamtajia. Akacheka, akadhani namtania.

Mimi sitanii. Kule walikuja askari. Hapa atakuja nani?