Rula ya Wageni

Usiku wa kuamkia Jumapili, Eliamani aliota amerudi ukumbini.

Eliamani ni fundi umeme wa Moshi. Kila mwaka hujitolea kukagua roboti kwenye mashindano ya shule za sekondari. Huvaa kizibao cha njano, huiingiza kila roboti kwenye sanduku la vipimo, ikitosha, inashindana. Jumamosi hiyo roboti ya shule ya mpwa wake ilikwama mlangoni mwa sanduku. Aliisukuma kwa kiganja, akasema, "Imeingia." Kisha wakaja wasichana wa Mbinga, waliosafiri siku mbili. Yao ilizidi nusu sentimita. Akaikataa. Kiongozi wao, Osmunda, hakulia. Aliifunga kwa kanga kama anayefunika mtoto, akaondoka.

Katika ndoto ukumbi ni mtupu. Sanduku linamsubiri, na rula imekaa juu yake.

"Shikamoo," Eliamani analiamkia.

"Marahaba. Ingia."

"Mimi ni mkaguzi."

"Sheria inasema kila kinachoingia ukumbini kitoshe ndani yangu. Haikusema roboti peke yake. Hukuisoma?"

Rula inakohoa. "Kwenu wapi?"

"Hapahapa Moshi."

"Basi kwako nina sentimita hamsini. Kwa wageni, arobaini na tano. Usinishangae, bwana. Ni wewe uliyenifundisha."

Anageuka aondoke. Ukumbi umekuwa shamba la kahawa huko Mbinga, na mgeni ni yeye.

Mvua inanyesha. Baba yake Osmunda anachimba kaburi dogo. Roboti imelala pembeni, juu ya kanga. Wakaguzi wawili wenye vizibao vya njano wanabishana: mmoja anasema kaburi ni fupi, wa pili anasema linatosha. Hakuna anayelipima.

"Kilichozidi ni kichwa cha skrubu," roboti inamwambia Eliamani kwa upole. "Ungewapa bisibisi, dakika moja tu."

"Mbona hawakusema?"

"Osmunda alisema mara tatu. Ulikuwa unapiga picha na mpwa wako."

Eliamani anaomba kuzika pamoja nao. Wakaguzi wanakubali, ila lazima apimwe. Wanampima kuanzia goti kwenda chini, kwa kuwa sheria haisemi uanzie wapi.

"Umezidi," wanasema. "Toka."

"Ndugu zangu, ni kidogo tu!"

Wanamkamata mikono. Osmunda anasogea, amelowa, ameshika tupa.

"Mwacheni ajipunguze," anasema. "Sisi hatukupewa nafasi, lakini yeye mpeni."

Eliamani anakaa kwenye tope, anasugua visigino kwa tupa. Haviumi. Unga mweupe unadondoka kaburini, na hiyo ndiyo rambirambi yake. Akimaliza anamnyooshea msichana mkono.

"Osmunda, mwanangu, nisamehe."

Filimbi inalia.

"Baada ya filimbi hakuna kugusa," anasema mkaguzi mmoja, na Osmunda anarudisha mkono wake taratibu, kama mtu aliyezoea.

Eliamani aliamka. Kulikuwa kumekucha, na mkewe, Aikande, alikuwa ameshavaa. Hakumweleza kitu. Alioga, akavaa suruali ya kanisani, ile anayoivaa kila Jumapili.

"Baba Ndetaulwa, simama hapo," Aikande alisema. "Mbona inaburuzika chini?"

"Pindo limefumuka?"

Aikande alipiga magoti, akalikagua pindo uzi kwa uzi. Lilikuwa zima. Akamtazama mumewe juu hadi chini, kisha akainuka akichukua mkoba wake.

"Ni kidogo mno," alisema. "Twende tu. Nani atakupima?"