Taya la Janat

Uvimbe ulikuwa ndani ya taya la chini la Janat, upande wa kushoto, lakini aliyekosa usingizi kwa ajili yake alikuwa mumewe. Jibril aliuza vitambaa mjini Nyamira, na wiki hiyo alipima vya wateja, akapima tena, na bado akavikata vifupi.

Siku ya upasuaji, huko Kisii, Daktari Drusilla Omosa alimvisha Jibril miwani nyeusi, nzito. "Usiogope, Bwana Jibril. Hii ni picha tu, tumeitoa kwenye ile skani ya mkeo."

Taya likatokea hewani juu ya meza, jeupe, likizunguka polepole. Uvimbe ulikuwa mwekundu, na kando yake mshipa wa fahamu ulipita kama uzi wa njano. Jibril akanyoosha mkono kulishika. Vidole vikapita katikati. Ndipo akaona pale mbele meno mawili yaliyopandana, yale yanayomfanya Janat azibe mdomo akicheka. Akaivua miwani haraka.

"Nitavaa hii hii nikimpasua," daktari alisema. "Picha inakaa juu ya uso wake, naona mfupa na mshipa kabla sijakata."

"Na ikizima?"

"Nitaivua niendelee. Nimefanya kazi hii miaka mingi bila miwani."

Kitandani kando yao, Janat alicheka. "Baba Samsam, wa kukatwa ni mimi. Mbona anayetokwa na jasho ni wewe?"

Walipomwingiza chumba cha upasuaji, Jibril hakuweza kukaa. Aliteremka hadi langoni, akapanda tena. Akanunua chai, akaisahau dirishani. Mara muuguzi akatoka mbio, naye akamfuata. "Kuna nini? Niambie!"

"Picha imehama kidogo usoni. Daktari amesimamisha kazi kwanza, wanailinganisha upya. Kaa, mzee."

Hakukaa. Aliutazama mlango, na machoni akauona ule uzi wa njano tu. Hata dua aliyoijua tangu madrasa ilimkatikia njiani.

Jua lilikuwa limepinda Drusilla alipotoka, alama ya miwani ingali kwenye paji la uso. Uvimbe ulikuwa umetoka wote, taya limebaki zima. Mshipa haukukatwa, ila uliguswa. Mdomo ungekufa ganzi kwa muda, labda miezi, kisha ungerudi.

"Utarudi kabisa?"

"Natumaini," daktari akasema. Hakutaka kumdanganya.

Nyumbani, uji ulimchuruzika Janat kidevuni asijue. Jibril akaufuta, akamgusa mdomo kwa ncha ya kidole.

"Unasikia?"

"Bado."

Kabla ya alasiri akauliza tena. Na baada ya kuswali. Alipoinama tena, Janat akamshika mkono.

"Baba Samsam, ukiniuliza tena nitakuuma. Nenda dukani."

Akaenda. Alifungua duka, akasimama katikati ya vitambaa, akagusa hiki na kile. Kisha akafunga, akarudi nyumbani.