Mama Mkubwa Kwenye Picha za Familia

Kabla hakujapambazuka, kipanya cha kompyuta kilisikika sebuleni: ta, ta-ta, ta. Mpiga kinanda alifumbua macho, akapapasa upande wa mumewe. Patupu. Akaruka kitandani, akaenda sebuleni. Mume huyo alikuwa mtu wa usafi, hawezi kuona vijiko vimelala ovyo akapita. Leo usafi ulikuwa umefika kwenye kompyuta.

"Nimekufagilia," alisema kwa furaha, akimsogezea kikombe cha chai. "Mafaili yalikuwa yametapakaa kama nguo za mtoto."

"Umefuta kitu?"

"Hata kimoja. Nimepanga tu."

Mke akafungua wimbo kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo walikuwa waende kurekodi sauti ya pili nyumbani kwa mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea. Macho ya bibi yule yalikuwa yamefifia. Safari iliyopita waimbaji wenzake walimpelekea karatasi ya muziki yenye noti ndogo. Alizitazama, akaikunja karatasi polepole, akasema, "Basi, mimi nimestaafu." Alibembelezwa sana ndipo akakubali kujaribu mara moja tu.

Kwa ajili yake mpiga kinanda alikuwa ametengeneza kiolezo, faili la mtindo wa kuandika noti, ndani ya programu ya muziki. Ukikichagua, wimbo wowote huvaa noti nene, maneno makubwa, alama za kupumua zinazoonekana kwa mbali, na ukurasa haugeuzwi ila pale sauti ya pili inaponyamaza. Walikitengeneza pamoja, mama mkubwa akiamuru, "Ongeza. Ongeza. Aa, hapo sasa unanitukana, punguza."

Sasa wimbo ulifunguka na noti kama ufuta. Programu ilikuwa imekosa kiolezo, ikauvalisha wimbo mtindo wake yenyewe.

"Umegusa kiolezo changu?"

"Kiolezo? Mimi hata sura yake siijui."

Mke akaanza kuupanga wimbo upya, meno yameumana. Alikuza noti, maneno yakapandana. Akayatanua maneno, mistari ikakimbilia ukurasa wa pili. Akairudisha mistari, alama ya kupumua ikatua katikati ya neno "pendo", utadhani mwimbaji ana kwikwi. Jua likatoka. Chai ikapoa. Mume akaenda kuipasha bila kuambiwa, na wema huo ukamuudhi mkewe zaidi, maana ulimnyima sababu ya kufoka.

"Nisamehe, Mama Mkubwa," alinong'ona, mikono kichwani. "Nimekupoteza."

"Umempotezea wapi?" mume akashangaa. "Si yupo kwenye picha za familia?"

"Nani?"

"Mama Mkubwa. Nilikuta faili lina jina lake, limezubaa katikati ya mambo ya kazi. Nikasema huyu ni mzazi, akae na wenzake. Nimemweka karibu na harusi yetu."

Mpiga kinanda alimtazama. Alitafuta tusi, akakosa linalomtosha.

"Bwana wewe! Picha gani hiyo isiyofunguka?"

"Nilidhani kompyuta imechoka."

Faili la kiolezo likarudishwa mahali pake. Alipotaka kulifungua, programu ikauliza kama yale mabadiliko ya asubuhi yahifadhiwe juu yake. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye "ndiyo" mume alipomshika mkono, taratibu.

"Soma kwanza, mke wangu. Mimi nilipanga bila kuuliza. Tukiwa wawili wa kukurupuka tutazidi."

Akasoma. Akabonyeza "hapana". Printa ikakohoa, ikatoa kurasa moja moja, noti nene kama kunde.

Nyumbani kwake, mama mkubwa alizipokea akiwa ameketi wima mbele ya maikrofoni. Alisogeza karatasi mbali, akaivuta karibu, akaisogeza tena. Mpiga kinanda alijishika kidevu. Mume akasimama nyuma ya kiti, akafungua pazia kidogo ili mwanga umwangukie bibi begani.

Mama mkubwa akaimba. Kila alipofika mwisho wa ukurasa aliugeuza kimya kimya, wala maikrofoni haikusikia.

"Rudieni," alisema alipomaliza. "Hapo kati nimelia kama mlango."

Walirudia. Safari hii hata yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imetosha, mama," mpiga kinanda alisema, akinyoosha mkono kuzichukua karatasi. "Tulikuahidi mara moja tu."

Mama mkubwa hakuziachia.

"Wimbo mwingine upo?"

"Upo, ila bado sijauandika."

"Uandike. Na mje tena, wote wawili. Msingoje mpaka niwaite."