Popote Tu, Babu

Usiku wa jana niliota Dar es Salaam na Nairobi wamekuja nyumbani kwangu Same, wameketi sebuleni, wanasubiri nimchague mmoja.

Haikunishangaza. Jambo hilo lilikuwa limenikaa kichwani wiki nzima. Wajukuu wangu wawili, Namkunda na Mbonea, niliowalea tangu wakiwa wadogo, Januari wanakwenda shule za bweni, kila mmoja mkoa wake. Nilitaka kabla ya hapo tusafiri pamoja, sisi watatu, hadi jiji kubwa ambalo wangelikumbuka, na mimi wanikumbuke nikiwa ndani yake. Niliwauliza wanataka lipi. Wote wawili walijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Popote tu, Babu."

Basi majiji yamekuja yenyewe.

Dar es Salaam amekaa karibu na dirisha, anajipepea kwa kawa la jikoni. Nairobi amevaa koti zito na hataki kulivua. Kwa kuwa sebule yangu ni ndogo, ukuta mmoja umetoka nje kuwapisha.

"Buda, unaleta watu wangapi?" Nairobi ananiuliza.

"Sema, 'Mzee, utakuja na watu wangapi,'" ninamsahihisha. Kiswahili changu nilikisoma darasa la jioni, baada ya kazi, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, na sikubali kikanyagwe ndani ya nyumba yangu, hata na jiji.

Nairobi akasema sawa, Mzee. Dar es Salaam akacheka mpaka maji yakajaa chini ya kiti chake.

"Wewe una nini cha kuwaonyesha vijana?" nikamwuliza.

"Bahari."

"Inafanya nini?"

"Inakuja, inarudi."

"Mimi nina simba karibu na maghorofa," Nairobi akasema.

"Nao wanafanya nini?"

"Wanalala, Mzee."

Niliwageukia wajukuu. Walikuwa kwenye kochi lao, ila kochi lilikuwa limesogea mbali, kama kutoka kwangu hadi kanisani, ikabidi nipaze sauti. "Mmesikia? Bahari au simba?"

"Popote tu, Babu." Jibu lilichelewa kufika.

Nikaona nisipoamua mimi, hakuna atakayeamua. Nilisimama, nikanyoosha kola, nikatamka kwa Kiswahili fasaha: "Basi, tufunge safari. Tutakwenda..."

Sikumaliza. Sebule imekuwa stendi ya mabasi. Lango lake limezungushiwa mnyororo, na kwenye mnyororo kuna kufuli kubwa kama kichwa cha ng'ombe, linanitazama kwa tundu la ufunguo. Mimi niko nje. Wajukuu wako ndani.

"Fungua," ninaliambia.

"Wewe ndiye uliyesema ifungwe."

"Nimesema tufunge safari."

"Ndiyo. Imefungwa."

"Kufunga safari ni kuianza."

"Nani kakwambia?"

"Ni nahau. Kila mtu anaijua."

"Mimi ni kufuli, Mzee. Najua maana moja."

Nikalieleza kwa utulivu, kama mwalimu wangu alivyokuwa akitueleza. Nikalipa mfano: mtu akifunga ndoa, hajaizuia, ameianza. Kufuli likasema limeona ndoa nyingi na halina la kuongeza.

Nikageuka kuomba msaada kwa wageni wangu. Dar es Salaam akanishika bega, akasema, "Pole, mzee wangu," kwa sauti ya mtu anayeaga msibani akiwahi msiba mwingine. Nairobi alikuwa ameshaondoka.

Ndani ya lango basi linasogea. Kwenye kioo cha mbele limeandikwa POPOTE. Kondakta anagonga ubavu wa basi. "Popote, Popote, bado siti mbili."

Wajukuu wanapanda.

"Namkunda," ninaita, "hilo silo."

"Ndilo, Babu. Tulikwambia."

"Mara mbili," Mbonea anasema, bila ubaya wowote.

"Na mimi?"

Wanatazamana. Naona hawakuwa wamelifikiria. Si kwamba walilifikiria wakakataa.

Namwuliza kondakta Popote ni wapi.

"Ni kokote, Mzee, isipokuwa hapa."

Nashika nondo za lango, navuta. Mikono yangu imejenga nyumba, lakini nondo hazitikisiki. Basi linapita mbele yangu taratibu, karibu kabisa, na Namkunda anatoa mkono dirishani. Upepo unamvuruga nywele, naye amezibana kwa mkono mwingine.

"Babu, nishikie."

Ameniambia hivyo maisha yake yote. Nimemshikia maganda ya karanga, soksi mbichi, jino lake la kwanza kung'oka. Napitisha mkono kati ya nondo, napokea bila kutazama.

"Nikushikie mpaka lini?"

Basi limekwisha kuwa vumbi. Kufuli likaniambia niende nyumbani, maana hapa pamefungwa. Kwa mara ya kwanza katika maneno yake yote, sikupata cha kusahihisha.

Nikaamka. Kumekucha. Ngumi yangu ya kulia imekaza na inauma. Nikaifungua kidole kimoja kimoja: ndani kuna kibanio cha nywele, cha rangi ya zambarau, na meno yake yamejichora kiganjani.

Chumba cha pili, Namkunda alikuwa anafungua droo na kuzisukuma.

"Babu, umeona kibanio changu? Nililala nacho kichwani."

Nikaingiza mkono chini ya shuka.

"Sijakiona," nikasema. "Njoo huku tutafute."