Refa Aliyeamkia Wachezaji

Siku hiyo Wembe aliamka na filimbi mdomoni. Akafagia nayo, akateka maji nayo, na mama yake alipomuuliza kama chai anaitaka na sukari, akamjibu kwa mlio mmoja mkali uliowatoa mbio kuku wa jirani.

"Mwanangu," mama akasema, kaziba masikio, "ukipuliza tena humu ndani, hiyo filimbi naitumbukiza chooni, na wewe unaifuata."

Usimlaumu binti wa watu. Kiherehere kilikuwa kimemfika kooni. Wembe alikuwa kinyozi, kinyozi wa kuogopwa mdomo na kusifiwa mkono, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika hadi na waliompa. Lakini moyo wake haukuwa kwenye nywele za watu. Ulikuwa kwenye mpira. Alisoma kozi ya urefa jioni baada ya kufunga duka, akafanya mtihani wa karatasi, akafaulu. Kilibaki kitu kimoja tu, mechi ya majaribio. Mkaguzi wa marefa angekuja kumtazama akichezesha. Akiridhika, Wembe anaingia ligi. Asiporidhika, Wembe anarudi kwenye mashine yake ya kunyolea asubiri kozi nyingine, ambayo hata wenye kozi hawajui wataiita lini.

Sasa sikia mechi aliyopewa. Wazee wa Soko na Vijana wa Gereji! Jamani, kuna mechi za kumpa mtu anayeanza, na kuna ile. Refa wa mwaka juzi aliondoka kwa kuruka ukuta. Refa wa mwaka jana alifika, akawatazama wachezaji wakipasha misuli, akakumbuka ana msiba. Na kwenye hiyo timu ya wazee, beki wa kati, nahodha, jina la uwanjani Ukuta, alikuwa baba yake Wembe. Si baba wa heshima. Baba mzazi, aliyemlea akamsomesha, na ambaye dakika hiyo alikuwa chumbani anatafuta soksi kwa fujo.

Ukuta alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, mpira haumpiti. Ya pili, hajawahi kuonyeshwa kadi tangu aanze kucheza, na refa yeyote aliyempulizia aliishia kumwomba radhi yeye.

"Wewe," alimwambia binti yake mlangoni, soksi mkononi, alipokwisha kuitika shikamoo yake, "ukinipulizia mimi leo, chakula cha usiku ukale kwa jirani."

Alikuwa anatania. Nusu.

Mkaguzi alikuja kutoka mbali, hakuna aliyemjua. Alikuwa mwanamume mwembamba, mkavu, ana mwavuli na chupa ya chai, akachagua kivuli chake upande wa pili wa uwanja na kukaa kama mtu aliyekuja kuhesabu makosa. Wembe alikwenda kujitambulisha. Mkaguzi akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Haya, tuone," akafungua chai.

Filimbi ikalia, mpira ukaanza, na kwa muda mambo yakaenda vizuri. Kisha beki wa kulia wa wazee, ambaye alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na ndiye aliyemfundisha Wembe kusoma, akamkwatua kijana mmoja wa gereji hadi kiatu kikaruka. Faulo ya wazi kabisa. Wembe akapuliza, akamkimbilia, mkono juu, uso mkali kama alivyofundishwa. Alipofika mbele ya mwalimu akafungua mdomo aseme "faulo", na mdomo ukasema wenyewe:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," mwalimu akaitika, anajipangusa vumbi magotini. "Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Wembe alitamani ardhi imfunike na filimbi yake. Lakini jambo la ajabu ni kwamba mwalimu, aliyekuwa keshajaza kifua tayari kwa ubishi, alirudi nyuma kimya akaacha faulo ipigwe. Mtu keshaitika marahaba, ataanzaje tena kutukana?

Tangu hapo mdomo haukuzuilika. Mwenye nyumba aliyempangisha kibanda cha kunyolea alikamatwa ameotea. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, ameotea. Muuza maharage alichelewesha mpira wa kurusha. Shikamoo babu, marahaba, arushe. Mmoja mmoja, wazee wote wakaamkiwa, kasoro Ukuta ambaye hakuwa amepuliziwa, na wote wakawa wapole kama wageni sebuleni. Vijana wa gereji wakaanza kulalamika kwamba wao wanapuliziwa kavukavu. Mshambuliaji wao, kijana waliyemwita Spana, alipomvuta mtu jezi aliwahi yeye kabla ya filimbi kwisha kulia:

"Shikamoo, refa!"

"Marahaba," Wembe akamjibu, na kumpa kadi ya njano.

Hadi mapumziko matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, watu wana furaha, na Wembe akaanza kujiona. Ndipo mkaguzi akamwita kwa kidole.

"Dada, mpira una sheria ngapi?"

"Kumi na saba."

"Nitajie ile ya kuamkia wachezaji."

Wembe akaanza kuzihesabu kwa vidole.

"Haipo," mkaguzi akasema. "Refa hana mkubwa uwanjani. Ukimwamkia mmoja, yule mwingine anajiuliza unampendelea. Nikisikia shikamoo moja tu kipindi cha pili, mimi nakunja mwavuli wangu, na wewe ligi uisikie redioni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Ee, kipindi cha pili! Wembe alibana meno. Faulo ya kwanza alimpulizia mwenye nyumba, akaonyesha mkono, akanyamaza. Mwenye nyumba akabaki amesimama anasubiri chake. Hakipati.

"Aa! Kumbe ndiyo hivyo?" akawageukia wenzake. "Mmemwona? Mapumziko tu, keshaota mapembe!"

Wazee wakaja juu. Kila filimbi sasa ilikuwa mjadala. Huyu hana adabu, huyu tumembeba mgongoni, huyu mama yake namjua. Mwalimu mkuu alimwambia kwa huzuni kwamba darasani alikuwa mtoto mzuri. Wembe alikimbia na kijasho chembamba kinamtoka, anawajibu kwa mkono tu. Aliogopa kwamba akifungua mdomo, lile neno litachomoka. Aliona mkaguzi ameiweka chini chupa ya chai.

Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni, bado moja kwa moja, vijana wakapata kona. Mpira ukaja juu, Spana akaruka kuliko wote, akaupiga kichwa. Kipa wa wazee alikuwa keshapotea. Alikuwa ameruka upande mwingine kabisa, anatazama mbingu. Kwenye mstari wa goli alibaki Ukuta peke yake. Mpira ukamgonga, pu! ukatoka nje. Wazee wakashangilia. Vijana wakashika vichwa, kisha wakakimbilia kupiga kona nyingine. Mshika kibendera, aliyekuwa anaongea na simu tangu kipindi kianze, naye akaonyesha kona. Hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika.

Lakini kazi ya kufua jezi ya baba ilikuwa ya Wembe tangu utotoni. Jezi ile ilikuwa na mikono mirefu kupita kiasi, na baba hakutaka kabisa ipunguzwe. Kila ilipokuja kufuliwa, mkono wa kulia ulikuwa na duara la tope, wa kushoto hauna kitu. Kwa hiyo kona ile ya kwanza ilipopigwa, wakati watu wote wanatazama mpira, Wembe alikuwa anatazama mkono wa kulia wa baba yake. Akauona ukipanda kifuani taratibu, kama wa mtu anayejikuna, ukaupokea mpira na kuusukuma nje.

Mama yangu weee.

Angeweza kuacha. Nani angejua? Ilikuwa kona, kila mtu amekubali kona. Na kama si kona, basi kosa lile halikuwa la kadi ya njano. Mtu aliyezuia goli kwa mkono makusudi anatoka nje, sheria haina huruma. Wembe aliwaza nyumbani, meza ya chakula, uso wa baba. Moyo ulimwambia nyamaza, wewe ni mtoto tu. Kisha akaona kwamba akinyamaza hapa, hata akipewa ligi nzima itakuwa ya bure, kwa sababu atakuwa refa wa watu asiowapenda peke yao. Akapiga moyo konde. Akapuliza, akaonyesha penalti.

Uwanja ukazizima. Hata vijana wa gereji walishangaa. Halafu wazee wote wakamzunguka kwa mkupuo, vifua mbele, vidole vinapepea, na katikati yao Ukuta mwenyewe, amefura, mishipa ya shingo imemsimama.

"Penalti ya nini?" akanguruma. "Unanipulizia mimi? Tena bila hata salamu? Mtoto gani wewe?"

Na kweli lile neno lilikuwa mlangoni mwa meno ya Wembe. Angelisema tu, wangetulia. Kule upande wa pili, mkaguzi alikuwa amesimama, mkono kwenye mwavuli. Wembe akavuta pumzi.

"Baba," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia, "salamu yako nilikupa leo asubuhi, ukiwa na soksi mkononi. Ukaitika. Mwalimu nimemwamkia, akaitika. Mwenye nyumba kaitika, babu kaitika. Hapa hakuna mzee ninayemdai wala anayenidai. Nani kati yenu huamkiwa mara mbili kwa siku moja?"

Wazee wakatazamana. Hesabu ilikuwa kamili, haina pa kushikia.

"Hilo ni kweli," mwalimu mkuu akasema taratibu. "Mimi yangu niliipata."

"Hata mimi," akasema muuza maharage.

Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata, na lile duara likalegea. Wembe hakungoja. Mkono ulikwenda kwanza mfuko wa kifuani, palipo na njano, ukasita, ukashuka mfuko wa nyuma. Akainyanyua nyekundu juu kabisa, na machozi yakamlengalenga, maana kumtoa baba yako mbele ya mtaa mzima si mchezo.

Ukuta aliitazama ile kadi kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Hakusogea. Kutoka pembeni mkewe akapaza sauti:

"Toka nje! Umeambiwa utoke, unataka ubebwe?"

Akatoka. Spana akapiga penalti, ikaingia, mbili kwa moja, na muda si mrefu Wembe akapuliza filimbi ya mwisho. Hakuna aliyeruka ukuta.

Mkaguzi alimsubiri kwenye kibanda cha mabati walichogawanya katikati. Upande mmoja ni chumba cha refa, upande wa pili wazee wanavua viatu. Alikuwa na uso uleule mkavu.

"Mbio zako nzuri," alisema. "Sauti nzuri. Mapumziko nilikukanya, ukasikia, nimependa. Ila ile penalti imenitia wasiwasi. Mimi nilikuwa macho, sikuona mkono. Wachezaji hawakuona. Waliofaidika na penalti nao hawakudai. Sasa niambie, uliona, au ulibahatisha? Kwa sababu refa anayebahatisha kadi nyekundu simpeleki ligi, hata awe na sauti ya tarumbeta."

"Niliona," Wembe akasema.

"Kila refa husema aliona."

Wembe angemwambia nini, habari za kufua jezi? Mkaguzi akatikisa kichwa, akashika kalamu.

Upande wa pili wa mabati wazee walikuwa wanamchambua refa hadi ukoo wake. Kameza kanuni, hana macho, kahongwa na gereji. Ndipo sauti moja nzito ikawanyamazisha wote.

"Hebu acheni maneno yenu! Mpira ulinigonga mkono. Niliupiga mimi, kwa mkono huu hapa." Kiatu kikaanguka sakafuni. "Mnajua nimeanza lini kuucheza mkono huu? Wengine hapa mlikuwa bado mna nywele. Wamepita marefa wa kila namna, wenye miwani na wasio na miwani, wa kutoka hapa na wa kutoka kwa watu. Hakuna aliyewahi kuniona. Hata mmoja! Leo nimeonwa." Sauti ikapasuka, na ilichukua muda kujua kwamba mtu yule anacheka. "Nimeonwa, jamani! Kaniona yule mtoto!"

Na wazee wote wakaangua kicheko, mabati yakatetemeka, mtu akapiga ndoo kama ngoma.

Mkaguzi alibaki na kalamu hewani. Akamtazama Wembe, ambaye machozi sasa yalikuwa yanashuka yenyewe na hana habari nayo.

"Dada," alisema polepole, "pale uwanjani ulimwita baba. Nilidhani ni adabu tu, unavyowaita wazee wote. Yule ni baba... au ni baba?"

"Ni baba," Wembe akasema. "Aliyenizaa."

Mkaguzi akaketi. Akajimiminia chai iliyobaki, akabadili mawazo, akamsogezea Wembe kile kikombe.

"Kunywa," alisema. "Jumamosi una mechi ya ligi."